Kidaka cha Chumba cha Ndani

Kiangazi kilikuwa kimekaza Msasani, visima vimeshuka, lakini plasta ya Ansbert ilikuwa haikauki. Alipoweka kiganja ukutani aliukuta umelowa, tena una joto, kama paji la uso la mtu mwenye homa.

Ansbert alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali mjini, mtu wa Bukoba. Nyumba hiyo kuukuu ya mawe na chokaa aliuziwa na Bi Mahfudha, mjane wa Kiarabu aliyehamia kwa mwanawe Kinondoni. Kila siku akitoka kazini alivua shati la ofisi, akavaa kaptula iliyochakaa, akaendelea kuikarabati kwa mikono yake. Alitoa boriti zilizoliwa na mchwa. Alikwangua chokaa yote ya zamani, akapiga saruji, akiamini saruji ndiyo imara. Mgongo ulimuuma hata akiwa amelala. Chumba cha ndani kilikuwa na kidaka, kitundu cha ukutani cha kuwekea vitu, cheusi kwa moshi. Nacho alikijaza mawe, akakipiga saruji.

Tangu hapo binti yao mchanga, Demetria, akaanza kuhema kwa shida. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa, haikusaidia kitu.

Alasiri moja mkewe, Kokuberwa, alimwita kwa kunong'ona.

"Baba Demetria, hebu sikiliza ukuta."

"Mchwa hao."

"Mchwa hahemi."

Ansbert akaweka sikio. Harufu ya udi ikampanda puani, na ndani ya saruji akasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ya taratibu, na kila ilipovutwa kule ndani kifua cha Demetria kilibonyea, kikakaa hivyo bila kuinuka mpaka ukuta ulipoiachia, na kila mara ukuta ulichelewa kidogo zaidi kuiachia.

Akapanda baiskeli mpaka Kinondoni. Bi Mahfudha aliitikia shikamoo yake, akamkaribisha kahawa, akamsikiliza anavyoeleza ukarabati.

"Nyie watu wa bara mnapenda saruji kama ndizi zenu," akamtania. Kisha akauliza habari za kidaka.

Ansbert akasema amekiziba. Bi Mahfudha akaweka kikombe chini. Akamweleza kwamba tangu enzi za bibi zake kila Alhamisi walifukiza udi pale, kwa kuwa ndipo alipokaa jini wa nyumba. Walimwachia mahali pake, naye hakuwagusa. Kumwambia mnunuzi Mkristo aliona haya, asije akachekwa.

"Hukumfukuza, mwanangu. Umemfungia. Sasa anavuta pumzi pale anapoipata."

Walirudi pamoja, bibi amebeba chetezo chake cha kufukizia udi. Alisema aliyeziba ndiye azibue. Ansbert alimfikiria padri, atasema nini akisikia. Kisha akamtazama Demetria, midomo imeshaanza kuwa ya buluu, akachukua tindo na nyundo. Akagonga, na kila alipogonga mtoto alishtuka mikononi mwa mama yake, na moshi wa udi, badala ya kupanda juu, ulinyooka moja kwa moja kwenye ufa ukamezwa, na mikono yake ikachoka mpaka nyundo ikampiga vidole, lakini hakuacha, mpaka jiwe la mwisho likaanguka na pumzi ikatoka, ndefu, ya mtu anayetua mzigo baada ya safari.

Demetria akalia. Kokuberwa naye akalia, akimshukuru Mungu.

Bi Mahfudha alipokuwa akiondoka alimsihi Ansbert asikizibe tena, na ukuta aurudishie chokaa. Ansbert akaitikia tu, hana nguvu za kuuliza zaidi.

Kokuberwa alimlaza mtoto mkekani, akaenda kuwasha moto. Demetria alikuwa anapumua vizuri sasa, midomo yake imerudia rangi yake. Akageuza uso kwenye kidaka, akanyoosha mikono yote miwili, akideka, kama afanyavyo akitaka kubebwa.

"Nakuja, mama," Ansbert akasema, akajiinua kwa taabu kutoka kizingitini.

Alipofika mtoto alikuwa ameshanyamaza. Alitulia, macho yamelegea kwa usingizi, na mgongo wake ulikuwa juu ya mkeka bila kuugusa.