Laini Inayoshika Hadi Uvunguni

Simu ya fundi cherehani iliita ikiwa ndani ya kabati, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Nyumba yao ilikuwa bondeni. Miaka yote, ukitaka mtandao, unapanda kwenye jukwaa la tangi la maji, na mumewe aliwahi kuanguka huko akimsalimia shemeji yake.

Lakini sasa binti yao alikuwa mbali, mimba yake ya kwanza imetimiza miezi tisa, na mama mtu aliapa simu ya uchungu haitampita. Ndiyo maana alipokutana sokoni na muuza laini aliyenukia udi, akijigamba kwamba yake inashika hadi uvunguni, aliuliza swali moja tu.

"Makato je?"

"Hela yako haiguswi, mama. Bonyeza moja kukubali masharti."

Akabonyeza. Nani huyasoma?

Na kweli, hela haikuguswa. Ila baada ya simu ya kwanza kwa bintiye, cherehani ilianza kushona kimya. Sindano inapanda na kushuka, sauti hakuna. Baada ya simu ya pili, mlango uliokuwa ukilia kama mbuzi ukanyamaza, na mumewe, mvivu yule, akajisifu kwamba ameutia mafuta. Siku ya tatu mume mwenyewe alidakia kutoka kitini, "Hujambo, mwanangu?" Simu ilipokwisha alifungua mdomo kuomba chai, na hakikutoka kitu. Chumba kizima kilinuka udi.

Mama alifungua meseji za mtandao alizokuwa akizipuuza akidhani ni matangazo.

"Ndugu mteja, umekatwa: sauti ya cherehani. Umekatwa: sauti ya mlango. Umekatwa: sauti ya mume. Kila simu, ya kupiga au kupokea, hukatwa sauti moja iliyosikika nyuma ya mazungumzo."

Aliichomoa laini, akaikatakata kwa mkasi wake wa kushonea, akatoa na betri, akakaa chini akihema, na simu ile tupu ikaita mkononi mwake, ikaita tena, ikajipokea yenyewe kabla hajagusa kitu, na sauti ya bintiye ikajaa chumbani, imechoka, imefurahi, kana kwamba amesimama nyuma ya kabati.

"Mama, nimejifungua! Wa kike!"

"Kata simu, mwanangu," alinong'ona. "Kata sasa hivi, kabla hajalia!"

"Jamani, mama, nawe! Msikie kwanza mjukuu wako."

Kilio kikaja, kinene, cha mtoto mwenye afya, na bibi mtu akampenda palepale. Kisha kikakatika katikati.

"Mama?" binti alisema polepole. "Amekunja ngumi, mdomo uko wazi. Mbona simsikii?"