Miguu Iliyovimba ya Kiwanda cha Mombo

Mwili wa mwanga ulisimama katikati ya ukumbi, mrefu kuliko mtu, ukipumua. Kiooafya, mashine ya kupimia afya ya kampuni, kilikuwa kimesoma hesabu zote za Kiwanda cha Setilaiti cha Mombo na kuzigeuza kuwa umbo la binadamu. Fedha zilizokuwa benki ziling'aa kifuani, na madeni ambayo wateja hawajayalipa yalionekana kama damu iliyoshuka miguuni. Katika kampuni yenye afya, damu hiyo hushuka na kurudi moyoni. Katika kampuni inayougua, hushuka tu.

Miguu ya Mombo ilikuwa imevimba kama maboga.

"Mwanangu, mashine yako inanitukana," alisema Mzee Mhando, mwanzilishi wa kiwanda.

"Haitukani, Mzee. Inasema mauzo yetu yanakua, lakini madeni ya wateja yanakua kwa kasi zaidi."

Mhandisi Sifuni Semkiwa ndiye aliyebuni kiooafya. Ndiye pia binti ambaye Mzee Mhando alimlipia karo tangu sekondari, na asubuhi ile ulimi wake ulikuwa mzito. Mchana afisa wa benki angekuja kuutazama mwili huo. Bila mkopo, kiwanda kisingeweza kulipia roketi, na mafundi wote wangerudishwa nyumbani.

"Wateja wetu ni waaminifu," Mzee alisisitiza. "Chama cha wakulima wa chai hakijawahi kunidhulumu."

"Basi mbona hawalipi?"

"Iulize hiyo mashine yako."

Sifuni aligusa kifundo cha mguu wa mwanga, na akili mnemba ya kioo ikajibu kwa sauti tulivu: kwa mujibu wa mikataba, mteja hulipa setilaiti inapotuma ishara ya kwanza kutoka angani. Setilaiti walizoagiza zilikuwa bado ghalani, zimefunikwa maturubai.

Hapo Sifuni akaelewa. Mombo, mauzo huandikwa siku ya ngoma. Mafundi hukivisha chombo kanga, hupika pilau, hucheza, kisha mhasibu huandika kwamba kimeuzwa. Zamani ngoma ilisubiri ishara.

"Nani aliisogeza ngoma, Mzee?"

"Mimi." Mzee alikohoa. "Bi Kidawa alikuwa anastaafu. Amechomelea mabawa ya setilaiti tangu tukiwa na karakana ya bati. Roketi ikachelewa. Ningemwachaje aondoke bila kukichezea chombo chake cha mwisho? Baadaye akastaafu Kombo, naye nikamfanyia. Ikawa desturi."

Sifuni alikuwa amejiandaa kukuta wizi. Alicheka huku macho yakimlowa.

"Wakulima wa chai hawana deni letu bado, Mzee. Tuyafute haya mauzo mpaka vyombo viruke."

"Benki itaona mifupa mitupu!"

"Itatuona tulivyo."

"Na Bi Kidawa? Nani atamwambia kwamba alicheza bure?"

Hakukuwa na haja ya kumtafuta. Kustaafu hakukumzuia Bi Kidawa kuja kila asubuhi kukosoa kazi za vijana. Alisimama mlangoni, akamsikiliza Mzee Mhando hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Nisamehe, dada yangu," Mzee alimalizia.

"Niondokee! Mimi nilicheza kwa sababu maungio yangu yalistahimili majaribio yote. Hiyo hundi yenu mimi naijulia wapi? Kikiruka nitacheza tena. Ila pilau apike mtu mwingine, Mhando. Ile yako iliungua."

Sifuni akatoa amri. Damu ya mwanga ilitoweka, miguu ikanywea, na mwili ukabaki mwembamba kama wa mtu aliyetoka hospitali. Lakini mapigo yake sasa yalikuwa sawasawa.

Afisa wa benki alipofika aliuzunguka mwili huo. "Amekonda sana," alisema.

"Amekonda," Sifuni alikubali. "Ila anachokuonyesha ndicho alicho nacho."

Mkopo uliotolewa ulitosha roketi moja tu, ya chombo kimoja. Mzee Mhando hakuhitaji ushauri wa mashine kuchagua chombo cha kutangulia.

Siku ishara ya kwanza iliposikika kutoka angani, mhasibu alikuwa bado anawasha kompyuta yake. Bi Kidawa alikuwa tayari uwanjani, akicheza.