Weupe Bure, Wengine Walipe

Renita na mdogo wake Shavonne walitoka tumbo moja, lakini aliyewaona asingejua. Renita alikuwa mweusi kama marehemu baba yao. Shavonne alikuwa maji ya kunde, wale ambao mtaani huitwa weupe, amefuata upande wa bibi yao. Waliishi pamoja ghorofa ya juu ya nyumba ya Bi Earline, upande wa mashariki wa jiji la Detroit. Renita alipanga sahani za chakula cha wagonjwa hospitalini. Shavonne alipaka watu rangi za kucha dukani.

Kila Ijumaa walirudi mapema. Renita alikaanga samaki, Shavonne akapiga pasi magauni. Kisha walikwenda kwenye dansi katika ukumbi wa Rosella, kama wanawake wengi wa mtaa ule.

Mlangoni ndipo walipoachana. Mlinzi alimshika Shavonne mkono, akampitisha bila kulipa, akamketisha karibu na jukwaa. Renita alisimama foleni akatoa dola zake ishirini. Hakuna aliyesema kwa nini, na kila mtu alijua.

Tena Renita ndiye aliyejua kucheza. Wanawake walipojipanga mistari, wote waliitazama miguu yake. Lakini macho ya wanaume yalikuwa kule mbele. Renita alicheza shingo imegeuka, apate kuona ni nani anayempelekea mdogo wake kinywaji. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nao haukuanza jana. Utotoni, bibi yao alimwita Shavonne "asali yangu." Renita aliitwa "wewe" tu.

Mwezi wa tano, Dontrell Spikes, mwenye kuandaa dansi zile, alibandika tangazo madukani. Lilikuwa na picha ya Shavonne anacheka. Chini yake paliandikwa: "Warembo weupe bure. Wengine walipe." Pia alianza kupigisha wimbo wa rafiki yake mmoja. Wimbo ule uliwafananisha wanawake weusi na masizi, na wanawake wote na mbwa.

Renita aliliona tangazo kwenye saluni ya Lucinda, msusi wake. Jambo lililokuwa la kunong'onezwa mlangoni sasa lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Alirudi nyumbani moja kwa moja. Viatu vya Shavonne vya dhahabu vilikuwa kando ya mlango. Renita alichukua mkasi akakata ukanda wa kimoja.

Jioni ile walizozana juu ya kiatu mpaka mtaa ukasikia, Renita akikana. Bi Earline akamwita Renita chini.

Bi Earline alikuwa amefanya kazi kiwanda cha magari mpaka akastaafu. Miaka mingi alikuwa kiongozi katika chama cha wafanyakazi. Alimsogezea Renita kiti na bakuli la mboga, wachambue pamoja.

"Umekata kiatu cha mdogo wako," alisema. "Kiatu ndicho kilichokulipisha?"

Renita aliendelea kuchambua mboga.

"Mpiga muziki pale Rosella analipwa na nani?"

"Dontrell."

"Na Dontrell fedha anazitoa wapi?"

"Mlangoni."

"Na mlangoni anayelipa ni nani?"

Renita alifikiri. Aliiona ile foleni, Ijumaa baada ya Ijumaa. Wanaume walikuwepo, ndiyo. Lakini waliojaa ni wanawake, na karibu wote ni weusi kama yeye.

"Sisi," alisema taratibu.

"Basi taa za ukumbi ule mnaziwasha nyinyi. Mnanunua tusi lenu wenyewe, na mnajipanga foleni kulinunua."

"Mbona Shavonne anakula bure?"

"Shavonne ni chambo, mwanangu. Umeona wapi chambo kikala samaki?"

Renita hakupenda kusikia hivyo. Alikuwa amezoea kumwonea mdogo wake wivu, na mtu huchukia kunyang'anywa alichokizoea. Lakini aliendelea kusikiliza.

Bi Earline alimweleza kwamba mfanyakazi mmoja akigoma, anafukuzwa. Wakigoma wote, mkubwa wa kiwanda huwaletea viti wakae wazungumze. Mnunuzi naye ni vivyo hivyo. Renita akibaki nyumbani peke yake, Dontrell hatajua hata kama hayupo. Lakini vyama vya akina mama hununua meza nzima nzima pale Rosella. Wasusi wa mtaa mzima hulipia majina yao yaandikwe kwenye tangazo lake. Hao wakisusa wote kwa pamoja, atajua.

"Ila mseme mnachotaka, kwa maneno machache, ili asiseme hajaelewa," aliongeza. "Na mtafute pengine pa kucheza. Watu wakikosa dansi majuma mawili watarudi kwake wenyewe."

Wakakutana saluni kwa Lucinda siku ya Jumatatu, saluni ilipofungwa. Walikuja wasusi, wenye vyama, wanawake wa hospitalini, na Bi Earline mwenyewe. Walikubaliana mambo matatu: kiingilio kiwe kimoja kwa wote, nyimbo za kuwatukana wanawake zisipigwe, na mwanamke asishikwe ovyo ndani ya ukumbi.

Ndipo mwanamke mmoja akasema wale weupe wasihusishwe, kwa sababu wao wameshashiba. Wengi walicheka. Renita alicheka kuliko wote, na moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Sasa Shavonne naye angeachwa nje ya mlango, aone.

"Mkiwaacha, Dontrell atawajaza wao ukumbini na wanaume watawafuata," Bi Earline alisema. "Kiwandani, ukiacha mlango mmoja wazi, huna mgomo." Akamgeukia Renita. "Wewe unaye mmoja nyumbani. Nenda ukamwombe."

Kumwomba Shavonne! Renita alipanda ngazi kana kwamba amebeba gunia. Alimkuta jikoni, anashona ukanda wa kiatu.

"Najua ni wewe," Shavonne alisema bila kuinua macho.

"Ni mimi."

Renita akamweleza shauri lote, haraka haraka, akingojea kuchekwa. Shavonne hakucheka. Aliuliza kama kweli wametaja habari ya kushikwa.

"Tumetaja. Kwa nini?"

"Kwa sababu Dontrell hunishika, dada. Nikiutoa mkono wake ananiambia, umeingia bure, usijifanye. Nikitaka kuondoka, ananiuliza kinywaji nimenunuliwa na nani. Ile picha hakuniuliza kabla ya kuibandika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe? Ulikuwa unaniangalia kama nimekuibia." Shavonne aliweka sindano chini. "Unajua ninachokiona nikiwa pale mbele? Nakuona wewe unacheza. Ukichoka, unachukua koti lako unaondoka. Mimi sichezi. Nawekwa nitazamwe, kama keki dirishani. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nasikia vibaya."

Renita alikaa kwenye kiti. Hakujua kama acheke au alie. Miaka yote ile walikuwa wakitazamana kutoka pande mbili za ukumbi mmoja, kila mmoja akitamani nafasi ya mwenzake.

Walimpelekea Dontrell yale mambo matatu kwa maandishi, na Ijumaa iliyofuata wanawake walicheza katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Kila mtu alilipa kiasi kilekile kidogo, akaja na chakula chake. Shavonne alikuwa amewazungukia wenzake wa meza ya mbele mmoja mmoja, na karibu wote walikuja. Jina la saluni hata moja halikuwa kwenye tangazo jipya la Dontrell. Kule Rosella wanaume walitazamana wao kwa wao, kisha wakaanza kuuliza akina dada wamehamia wapi.

Mwezi ukapita hivyo. Mwenye ukumbi akamwambia Dontrell apatane na wanawake au arudishe funguo. Dontrell akaja saluni, kofia mkononi, akamwita Renita kando.

"Wewe ndiye unayesikilizwa," alisema. "Nitakupa meza ya mbele. Hutalipa tena mlangoni. Picha yako ndiyo itakayokaa kwenye tangazo."

Renita alihisi joto usoni. Meza ileile. Alikuwa ameitamani muda mrefu kiasi kwamba alijua hata rangi ya kitambaa chake.

"Na Lucinda?" aliuliza.

"Lucinda atalipa kama kawaida."

"Basi nami nitalipa kama kawaida. Ila si kwako, mpaka tulipe sote sawa. Mengine uliyasikia."

Dontrell alirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho alikuja na tangazo jipya: kiingilio kimoja, hakuna picha ya mtu. Wimbo ule aliuondoa. Mlangoni waliwekwa walinzi wanawake wawili, na aliyeshika mtu ovyo alitolewa nje, hata awe nani.

Siku waliporudi Rosella, dada wawili walisimama foleni pamoja. Wanaume bado walimgeukia Shavonne kwanza. Renita aliliona hilo, na ule mwiba ukamchoma kidogo, maana wivu wa tangu utotoni hauishi kwa tangazo jipya.

Shavonne alifika mbele, akaulizwa dola ishirini. Akashtuka.

"Ghali hivi?" alimnong'oneza dada yake. "Umekuwa ukitoa zote hizi?"

"Kila Ijumaa."

Shavonne akatoa noti yake akiguna. Wakaingia, akamwomba Renita amsimamishe mstari wa nyuma kabisa, kwa sababu hatua hata moja hakuijua.