Muhuri wa Kandambili

"Baba yako amekamatwa mpakani, Vurra... na karatasi aliyoshika ina jina lako!"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima, ukanda wa urais kifuani, hotuba ya kufunga mkononi. Aliyesema hayo alikuwa Duku, dereva wa lori la chumvi, ameingiza kichwa dirishani kama mtu anayeulizia njia.

Ukumbi ukacheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mimi sikucheka. Hakuna mtu Arua aliyejua kwamba baba yangu yuko hai... isipokuwa mmoja.

Nikageuka taratibu. Ayikoru, rafiki yangu wa kulala kitanda kimoja, alikuwa kwenye kiti cha Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakukwepa macho yangu.

"Nilimpelekea mimi," akasema.

Jamani... nyinyi mnaosoma huku mmejilaza, hebu kaeni. Habari hii haisomwi chali.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 1988. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwalimu Ondoga, wa somo la uraia, alikusanya wanafunzi arobaini wa sekondari kutoka Arua na Koboko, akatuweka siku kumi kwenye shule moja ya Mvara tucheze serikali. Bunge letu, mahakama yetu, mawaziri wetu, Rais wetu.

"Nchi hii imetawaliwa sana na watu wasiofanya mazoezi," alituambia. "Nyinyi fanyeni mazoezi."

Nikagombea urais. Mimi Madina, msichana wa Koboko, alikotoka rais aliyepinduliwa, mtoto wa mwanajeshi wa serikali iliyoanguka! Mnajua nilivyozomewa?

"Koboko mlishatawala, inatosha!"

"Kaa chini, binti wa kambi!"

Lakini mdomo ninao. Nilishinda kwa kura tatu.

Mdomo huohuo ndio ulioniponza.

Siku ya tano nikaleta muswada wangu, Sheria ya Msamaha. Kila aliyekimbia nchi mwaka 1979 arudi nyumbani, asikamatwe, asipigwe. Wabunge wangu hawakujua kwamba nilikuwa namwandikia mtu mmoja tu. Baba yangu, Nasuru, karani wa kambi ya jeshi, alivuka kwenda Zaire nikiwa na miaka saba. Koboko nzima iliambiwa amekufa. Mama hata alikaa eda! Kumbe mzee yuko Aru, ng'ambo tu ya mpaka, anatengeneza baiskeli sokoni kwa jina la mtu mwingine.

"Usimwambie mutu," mama alinionya kila muhula ulipofunguliwa. "Hata kwa ndoto, usimwambie mutu."

Aliyepinga muswada alikuwa Ayikoru. Alisimama polepole, kama mtu anayeinuka msibani.

"Mheshimiwa Rais, baba yangu, Mwalimu Mindra, alichukuliwa na wanajeshi akiwa anasahihisha madaftari. Mama alipokwenda kambini kuuliza, wakamwambia amehamishwa. Amehamishwa! Mwaka wa kumi na moja huu. Mpaka leo mama anamfulia shati lake la Jumapili, anasema mtu aliyehamishwa hurudi. Sasa wewe unataka hao watu warudi wanywe chai tu?"

Nikaona muswada wangu unazama. Nikanyakua kalamu, nikaongeza kifungu hapohapo, nikakisoma kwa sauti ya urais:

"Anayerudi ataulizwa na aliyeumizwa, naye atajibu."

Wallahi, sikukifikiria hata kidogo. Nilitaka kura yake tu.

Ayikoru akanyoosha mkono kupiga kura ya ndiyo. Sheria ikapita, nikaisaini, na Asiku, kijana wetu mwenye mikono ya ufundi, akaigonga muhuri alioukata kwenye kisigino cha kandambili. Ndege amesimama kwa mguu mmoja, kama yule wa bendera. Ukiutazama kwa mbali ungeapa umetoka ikulu!

"Siku ya mwisho karatasi zote zinachomwa," Mwalimu Ondoga alisema. "Huko nje watu wamekufa kwa sababu ya karatasi."

Mimi nikaficha nakala moja chini ya godoro. Niliipenda, basi.

Na jioni ile, tukifua soksi bombani, furaha ilinizidi. Nikamwambia Ayikoru kila kitu. Aru. Sokoni. Baiskeli. Jina la uongo.

"Alikuwa karani tu," nikasema. "Hakumgusa mtu."

Ayikoru akaacha kufua.

"Karani wa kambi gani?"

Nikaitaja.

Akawa anakamua soksi moja ambayo ilishakauka zamani.

Mjinga mimi!

Sasa turudi ukumbini. Nilishuka jukwaani nikakimbilia nje, ukanda unanipigapiga magotini.

"Duku, nipeleke!"

"Panda. Mwenyewe ameninong'oneza kwamba ni baba yako. Nageuza sasa hivi."

Nikapanda juu ya magunia. Nikasikia mtu anapanda nyuma yangu. Ayikoru!

"Shuka! Muuaji wewe, shuka!"

"Sishuki."

"Uliiba karatasi yangu!"

"Ndiyo. Nikampa Duku, nikamwambia ampe fundi wa baiskeli. Duku hakujua ni nini."

"Ulimtega baba yangu!"

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba arudi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi niliamini, Madina. Wewe hukuamini?"

Nilimzaba kofi. Hakurudisha. Lori likaruka kwenye shimo, sote wawili tukaangukia chumvi, na tangu hapo mpaka Vurra nilikuwa nahesabu tu kichwani. Watamwuliza jina. Watamwuliza kambi. Halafu hatutamwona tena, na safari hii eda ya mama itakuwa ya kweli...

Pale mpakani wafanyabiashara walikuwa wameshaacha mizigo yao, wamezunguka kibanda cha wanajeshi. Nikapenya. Mtu mdogo wa mwili, mwenye mvi, alikuwa amekaa chini na pingu mikononi, kofia kichwani, kandokando yake baiskeli isiyo na breki.

Sikumkumbuka uso. Nilimtambua kwa masikio. Masikio hayo ninayo mimi.

"Wewe iko nani?" askari mmoja akanizuia.

"Mimi ndiye niliyesaini. Mimi ndiye Rais!"

"Rais ya wapi?"

"Ya likizo, afande."

Kwanza hawakuelewa. Halafu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo.

"Angalia! Rais iko na soksi ya kutoboka!"

"Mpigie saluti, wewe! Atakufukuza kazi!"

Mkubwa wao hakucheka. Alikuwa luteni mwembamba, amekaa mezani, karatasi yangu mbele yake.

"Huyu mutu ametoka Zaire na muhuri ya uongo ya serikali," akasema. "Nimeuliza, amekubali mwenyewe. Anaitwa Nasuru, alikuwa karani ya jeshi ya zamani. Kesho asubuhi gari inampeleka Kampala. Huko iko watu ya kuuliza vizuri."

Kuuliza vizuri... Mnajua maana yake? Sisi wa West Nile, mkoa wa jeshi lililoshindwa, tulijua.

Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote, na ukanda wangu wa urais, uliokatwa kwenye pazia.

"Afande, ni mchezo wa watoto! Tulikuwa tunacheza serikali! Mzee hana kosa, alidanganyika. Nifunge mimi! Nakuomba kwa Mungu, nifunge mimi!"

"Simama, mama."

Ilikuwa sauti ya baba. Miaka tisa sikuwa nimeisikia.

"Simama. Sikudanganyika. Nilijua kwamba ni mchezo."

"Ulijua?!"

"Nimegonga mihuri miaka minane. Hiyo ni kandambili. Hata mistari ya kisigino inaonekana."

Wanajeshi wakainama kuangalia. Ni kweli. Mistari ilikuwepo!

Nikapata hasira, jamani, mpaka machozi yakakauka. "Sasa ulikuja kufanya nini hapa?! Kufa?!"

"Saini yako ilinifurahisha. Sikujua kama umejifunza kuandika vizuri hivyo. Lakini si hiyo iliyonivusha. Afande, geuza karatasi."

Luteni akaigeuza.

Nyuma, kwa mwandiko wa Ayikoru ninaoujua kama wangu, kulikuwa na mstari mmoja.

*Mwalimu Mindra alihamishiwa wapi?*

Basi. Hakuna tusi, hakuna tishio. Nilimwita muuaji, kumbe alikuwa ameuliza swali.

Baba alikuwa ameshamwona Ayikoru pale nyuma ya watu.

"Wewe ni mtoto wake?"

"Ndiyo."

"Afande, nivulie kofia. Pasua kitambaa cha ndani."

Luteni akachukua kisu, akapasua. Ikatoka karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kidole. Ukurasa wa daftari la kambi. Na huo ulikuwa na muhuri halali wa serikali, mwekundu, safi. Majina kumi na tisa. Mbele ya kila jina, neno lilelile kwa wino: amehamishwa, amehamishwa, amehamishwa... Na pembeni, kwa penseli, maandishi madogo sana: majina ya mahali.

"Niliambiwa niandike neno hilo, nikaliandika," baba akasema. "Nilipokimbia sikubeba hata godoro. Nilibeba ukurasa huu. Miaka tisa nimekaa nao kichwani, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Yeye ndiye wa kwanza."

"Wapi?" Ayikoru akauliza.

"Ajia. Nyuma ya ghala la tumbaku, upande wa mtoni. Hakuhamishwa, mwanangu. Alikufa wiki ileile."

Wanawake wa Aru waliobeba beseni za sabuni walizishusha chini.

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Kuna kitu kingine. Mama yako alikuja kambini, amevaa kitenge cha kijani, na mtoto mgongoni. Mtu aliyemjibu dirishani..." Akazitazama pingu zake. "Ni mimi."

Alikuwa karani tu. Hakumgusa mtu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Ayikoru alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Hakulia. Alivuta nyasi, moja moja, kama anayezihesabu. Luteni akafungua daftari lake kubwa, akachovya... samahani, akabofya kalamu yake, maana hata mimi nikisimulia hapa nachanganyikiwa.

"Binti," akasema, na safari hii kwa upole, "uko na lalamiko juu ya hii mutu? Sema, niandike. Kile utasema kitakwenda naye."

Mnaelewa? Uhai wa baba yangu ulikuwa mdomoni mwa msichana niliyemzaba kofi saa moja iliyopita!

"Ayikoru..." nikaanza. "Ayikoru, dada yangu, nakuomba..."

"Nyamaza, Mheshimiwa. Umeshaongea sana."

Akainuka, akajipangusa sketi.

"Andika, amejibu."

"Amejibu nini?"

"Andika hivyohivyo, afande. Aliulizwa, amejibu."

Luteni akaandika.

Msidhani aliachiwa. Haikuwa hivyo. Alipakiwa asubuhi kama walivyosema. Miezi saba mama na mimi tulizunguka ofisi hadi ofisi na kikapu cha chakula, tukifukuzwa kama kuku. Lakini popote alipopelekwa, mstari ule wa luteni ulikwenda naye, pamoja na ukurasa wa majina, na kila aliyefungua jalada lake aliukuta. Mwezi Machi wa mwaka uliofuata alirudi Koboko kwa miguu yake, kwa mke aliyekwisha kumkalia eda.

Ajia walichimba mahali alipopataja. Mama yake Ayikoru alikuja na shati la Jumapili, limefuliwa, limepigwa pasi. Walimzika nalo. Tangu siku ile shati lile halikufuliwa tena.

Baba alihudhuria, akakaa mbali, nyuma ya watu wote. Baada ya maziko yule mama alimpitia, akasimama mbele yake, akamtazama, akaondoka. Baba alikuja kuniambia kwamba Kampala ilikuwa nafuu.

Mimi na Ayikoru? Ilituchukua miaka miwili kusalimiana. Leo akija kwangu anafungua sufuria bila kuuliza. Lakini kofi lile hajanisamehe, na kila ninapojifanya mwenye maneno mengi ananikumbusha.

Karatasi ninayo, baba alirudi nayo kutoka Kampala. Upande wangu, wenye saini na ndege wa kandambili, umefifia mpaka hausomeki. Upande wa Ayikoru bado unasomeka.

Mimi niliandika kifungu kile ili nipate kura moja. Ayikoru alikisoma akaamini kila neno. Baba alikisoma, akakokota baiskeli isiyo na breki mpaka kwenye bunduki. Kati ya watu watatu, aliyekuwa anacheza ni mmoja tu... na ndiye aliyekuwa Rais.

Ndugu yangu unayesoma, ukitaka kuandika neno, ahadi au sheria, hata kama ni ya likizo, iandike ukijua kwamba kuna mtu atavuka mpaka akiwa ameishika mkononi.