Uzi Mwekundu Bustanini

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani na dada yake walipoingia kwenye bustani ya bibi mmoja mjane, ambaye kila Jumamosi huwafungulia watu wakajionee maua. Dada ndiye aliyeng'ang'ania waje. Tangu bintiye apone kifua kilichomlaza miezi saba, amekuwa na ukarimu wa ghafla, na ukarimu wa namna hiyo, jamani, mimi huuogopa.

"Mdogo wangu, umezidi kuinamia cherehani. Leo utaburudika."

Na kweli, lo! Mawaridi makubwa kama sahani, asumini zimefunika ukuta mzima, na kila mti umefungwa uzi wenye mafundo. Fundi akainama kunusa...

Hapakuwa na nyuki hata mmoja.

"Dada, mbona kimya hivi?"

Akageuka. Dada hayupo.

Mbele yake palikuwa na shimo jipya, refu, jembamba. Kando yake umenyooshwa uzi mwekundu. Fundo la bega. Fundo la kiuno. Fundo la kisigino.

Uzi ule ulitoka kwenye kikapu chake mwenyewe. Wiki iliyopita dada alimsimamisha ukutani ampime, eti amshonee zawadi. Walicheka mpaka machozi, maana dada hata kutunga sindano hajui. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwelekeza: vuta mpaka kisiginoni, usinipunje.

Kutoka shimoni kikasikika kikohozi. Kikavu... cha kitoto. Alikijua: ni kile kilichomlaza mpwa wake miezi saba.

"Litakuenea," bibi akanong'ona nyuma ya sikio lake. "Dada yako hakukosea kipimo."

Fundi akaunyakua uzi, akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Alikimbilia kwa dada yake, amwulize uso kwa uso. Mpwa wake akamrukia mlangoni.

"Mama mdogo! Mama alisema umehama, hurudi tena!"

Dada aliuona uzi. Hakuuliza umetoka wapi.

"Urudishe," akasema kwa sauti ya chini. "Nina mtoto mmoja tu."

"Mimi, dada? Mimi uliyenibeba mgongoni?"

Kah... kah...

Mtoto alikuwa ameshika kifua, anakohoa.

Dada akamtazama mwanawe. Kisha akapita nyuma ya mdogo wake, taratibu, akaufunga mlango kwa ufunguo.