Chaki ya Mwalimu Aliyestaafu

"Wewe ni nani, na unafanya nini ndani ya nyumba ya mume wangu?"

Msichana aliyefungua mlango aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye hotpoti niliyoikumbatia. Amejifunga khanga kifuani, povu la sabuni limemfika viwikoni. Nikajisemea moyoni, Mwasiti, umepatikana.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa mwalimu Gladness. Hii ni nyumba ya shule, nimepewa mimi."

"Umepewa na nani? Hapa anakaa mwalimu Thabiti, mwaka wa kumi na tisa huu."

Aliusukuma mlango ukafunguka wote, nikaona ndani. Kitanda si chetu, pazia si letu, hata ule msumari aliokuwa akitundika kofia yake haukuwepo.

"Mama, mwalimu Thabiti alistaafu. Tangu Machi. Mimi ndiye nimeletwa kushika darasa lake."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, maana nilidhani binti huyu amechanganya watu.

"Mwanangu, mimi namsema Thabiti wa hesabu. Mrefu, ana kovu la moto mkononi. Juzi Jumapili nimempakia madaftari yake ya kusahihisha, akapanda pikipiki kuja huku."

"Ndiye huyohuyo, mama."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa meseji. Njiani nilikuwa nimemuuliza yuko wapi, na sasa ndiyo anajibu: "Niko darasani mke wangu, la saba wana mtihani wa majaribio. Nitakupigia jioni."

Nikampa Gladness simu asome. Alisoma, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"La saba ninalo mimi," alisema taratibu. "Leo tumewaruhusu saa sita."

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona mwanamke wa kuvamia nyumba za watu. Mimi na Thabiti tulioana miaka ishirini na sita iliyopita, na katika miaka yote hiyo tuliishi pamoja kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Yeye mwalimu huku Mahurunga, mimi nesi kwenye zahanati mjini. Kila tulipoomba uhamisho tuliambiwa tusubiri. Basi tukaahidiana: tukifika hamsini na tano hatungoji sitini, kila mmoja anastaafu kwa hiari, tunakaa Ufukoni kwenye nyumba yetu tuanze kuchokana kama watu wengine walivyochokana zamani.

Mwaka huu Februari, umri wenyewe ukiwa umefika, akaniambia, "Mama Asia, la saba hawana mwalimu wa hesabu. Nivumilie mwaka mmoja." Nikavumilia. Ila nikaona kama yeye hawezi kuja, nitamfuata. Nikaandika barua yangu kimyakimya. Sudi, afisa utumishi, alipoisoma alicheka.

"Dada Mwasiti, hapa kwenye sababu andika tu 'sababu za kifamilia'. Inatosha."

"Iache hivyohivyo, Sudi. Ndiyo sababu yenyewe."

Ilichukua miezi sita. Jibu lilipotoka nikalitia kwenye mkoba pamoja na nakala ya barua yangu, nikapika pweza wa nazi anayempenda, nikaja Mahurunga siku ya Alhamisi bila taarifa. Nilitaka nimfurahishe. Mjinga mimi.

"Ila huwa anapita hapa Ijumaa mchana," Gladness alisema, akikwepa macho yangu. "Ananiomba vipande vya chaki. Mimi nilidhani anafundisha watoto tuisheni."

Nikakaa kwenye ngazi. Kila Ijumaa mume wangu alifika nyumbani na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Kila Jumamosi nililifua vumbi hilo kwa mikono yangu, nikimwonea huruma kwa jinsi kazi inavyomchosha. Kumbe alikuwa anajipaka.

"Anakaa wapi?"

"Mama, naomba uongee naye mwenyewe…"

"Mwanangu, mimi ni nesi. Habari mbaya nimezitoa sana, na kuzipokea naweza. Sema."

"Kwa Bi Subira. Ushuke njia ya mabondeni kwenye mpunga, nyumba ya mwisho, ina bati jekundu."

Subira. Jina hilo nililijua, ingawa nyumbani kwangu halikuwahi kutajwa. Ndiye mke wake wa kwanza. Alimlimia mihogo Thabiti alipokuwa chuo cha ualimu, akakaa naye miaka sita bila mtoto, mama mkwe akasema basi, na Thabiti akampa talaka moja. Mwaka uliofuata akanioa mimi, nami nikamzaa Asia, nikaonekana wa maana.

Nilitembea chini ya mikorosho iliyotoa maua, hotpoti mkononi, na kichwani nilishaandaa matusi yote ninayoyajua. Mbele ya nyumba ya bati jekundu nikamkuta mume wangu anaanika nguo. Khanga za kike na mashuka, anakung'uta moja moja, anabana vibanio vizuri kama mtu aliyezoea.

"Na hapa ndiyo darasani?" nikamuuliza.

Khanga ilimponyoka ikaanguka mchangani.

"Mama Asia…"

"Unafua? Wewe? Miaka ishirini na sita hujaniosha hata kikombe!"

"Ngoja nikueleze."

"Umemuoa?"

"Siyo unavyofikiri."

"Thabiti, nimeuliza swali fupi. Umemuoa?"

Aliinama akaiokota ile khanga. Akaikung'uta mchanga, akasema bila kunitazama, "Nimemuoa. Mwaka jana mwezi wa nane. Lakini wallahi, Mwasiti, nilimuoa ili nipate kumwogesha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu, hilo sikuwa nimelifikiria.

"Unasema nini wewe?"

"Kiharusi. Alianguka shambani, upande wa kulia wote ukafa, na kauli ikaondoka. Dada zake wamekufa. Kaka yake anakaa ng'ambo ya mto, Msumbiji. Majirani walimsaidia wiki mbili, kisha kila mtu akarudi kwenye mikorosho yake. Siku niliyopita kumjulia hali nilimkuta amelala kwenye mkojo wa siku mbili. Ningemvuaje nguo? Si mke wangu. Kijiji kingesemaje? Nikamfuata kaka yake, tukafunga ndoa palepale kitandani."

"Na kazi?"

"Nilikuwa natoka darasani mara tatu kwa siku kuja kumgeuza. Mwalimu mkuu akanionya. Ndipo nikaandika barua ya kustaafu."

"Uliandika sababu gani?"

"Sababu binafsi."

"Mimi ninafanya kazi gani, Thabiti?"

Akatafuta kibanio cha kubania khanga.

"Nimekuuliza. Kazi yangu ni nini?"

"Nesi."

"Miaka thelathini nawaosha watu nisiowajua hata majina. Ungeniambia tu! Ungesema, Mwasiti, Subira anaozea kitandani. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuja na sabuni yangu. Usingehitaji kuoa wala kuacha kazi wala kujipaka chaki!"

"Niliona aibu kukutajia jina lake. Nilimwacha vibaya, Mwasiti. Mama alisema tu, nami nikaandika. Miaka yote hii nikimwona sokoni nilikuwa nabadilisha njia."

"Kwa hiyo hiyo aibu yako ndiyo imekula uzee wangu."

Alilia. Mimi machozi hayakuja, na ningeyataka sana. Ndani mtu akaguna, mguno ninaoujua, wa mgonjwa aliyelala ubavu mmoja muda mrefu. Miguu yangu ikaingia ndani yenyewe kabla sijaamua.

Alikuwa mwanamke mdogo, mdomo umevutika upande mmoja, macho makali. Chumba kilikuwa kisafi, Thabiti alijitahidi. Lakini nilipomgeuza nikaona kidonda juu ya makalio, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, kimeshaingia ndani.

"Unamgeuza kila baada ya saa ngapi?" niliuliza kwa sauti ya wodini.

"Nne, tano," Thabiti alijibu mlangoni. "Nikija kwako mjini, jirani humlisha tu."

"Mbili! Kila baada ya saa mbili! Leta maji ya vuguvugu na chumvi, na kitambaa safi."

Alipoyaleta, Subira alinyanyua mkono wake wa kushoto, akamwonyesha kidole.

"Yule… nje."

"Ameanza kusema?" nilishtuka.

"Neno mojamoja, tangu mwezi uliopita," Thabiti alisema. "Mimi hajaniambia lolote."

Akatoka, nikafunga mlango. Nilimwosha Subira polepole kama nilivyofundishwa, nikianza na uso. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Nakuumiza, dada?"

"Hapana. Mkono… wa mwanamke." Akavuta pumzi. "Wewe… Mwasiti."

"Ndiye mimi."

"Samahani."

"Usiniombe samahani. Hujanikosea wewe."

Alikitikisa kichwa kwa upande uliomtii, kama mtu anayeona hajaeleweka.

"Mimi… sikukubali."

"Hukukubali nini?"

"Ndoa. Sina… kauli. Kaka kasema… kanyamaza… karidhi." Akajigonga kifuani kwa ule mkono mzima. "Nakataa… humu. Nakataa… humu."

Kitambaa kikabaki mkononi mwangu, maji yanadondoka sakafuni.

"Kaniacha… nina mdomo," alisema Subira. "Kanioa… sina."

Nilimaliza kumwosha. Nilimvalisha khanga kavu, nikamlaza ubavu, nikaweka mto katikati ya magoti. Kisha nikatoka nje. Thabiti alikuwa amekaa kwenye gogo, hotpoti yangu miguuni mwake, hajaifungua.

"Mlimuuliza?" nilisema.

"Nani?"

"Subira. Siku ya ndoa. Alijibu nini?"

"Alifumba macho. Kaka yake akasema ameridhia."

"Thabiti, anayejibu kwa ukimya wake ni mwanamwali. Mwanamke aliyekwisha olewa anajibu kwa kinywa chake. Umesoma madrasa wewe, unalijua hilo. Mlikaa wanaume wazima kwenye kitanda cha mtu asiyeweza kusema, mkaitikia amina!"

"Amekwambia nini?"

"Kwamba alikuwa anakataa. Tangu siku hiyo mpaka leo, anakataa."

Uso wake ukabadilika. Nimeona wanaume wakiambiwa mke amefia chumba cha uzazi, na huo ndio uso niliouona.

"Kila nikimwosha alikuwa anageukia ukutani," alisema. "Nilidhani ni maumivu."

"Hayakuwa maumivu."

"Basi niliacha kazi kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako. Ulitaka ulale usingizi."

Sikumwambia kuhusu barua iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Ningemwambia ili iweje?

Kaka yake Subira aliitwa, akavuka mto Jumamosi, na safari hii dada yake aliulizwa, akajibu. Yule sheikh aliyefungisha ndoa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pale hapakuwa na ndoa tangu mwanzo. Thabiti akakatazwa kuingia chumbani. Sasa nani amwoshe? Kaka alinitazama, Gladness aliyekuja kusikiliza alinitazama, Thabiti akatazama chini.

"Nitakaa mimi," nilisema.

Ndivyo nilivyohamia Mahurunga. Mimi nalala chumbani kwa Subira, Thabiti analala kibarazani kwenye mkeka. Anateka maji, anapika uji, anauacha mlangoni. Tunaishi pamoja Jumatatu hadi Jumapili, kama tulivyokuwa tukiomba, na usiku namsikia anakohoa nje, nami nageukia ukutani.

Wiki ya kwanza aliniuliza, "Likizo yako inaisha lini, Mama Asia?"

"Jumatatu," nilimjibu.

Jumatatu ikapita. Akauliza tena.

"Jumatatu."

Sikuona haya hata kidogo. Nilijifunza kwake.

Jumatatu ya tatu nilimwambia aniletee mkasi kwenye mkoba wangu, nikate bandeji. Alikawia. Nilipotoka nilimkuta amesimama uani, barua mkononi, midomo inachezacheza kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

"Umestaafu," alisema.

"Nimestaafu."

"Mwasiti, hapa umeandika…" Akarudi mwanzo wa mstari. "'Sababu ya kuomba kustaafu kwa hiari: Nataka kuishi na mume wangu.'"

"Sudi alinishauri niandike sababu za kifamilia."

Alipiga magoti pale mchangani, mzee mzima. "Turudi nyumbani Ufukoni. Subira tumchukue, tumtunze wote wawili. Tuishi kama ilivyoandikwa hapa. Nakuomba, mke wangu. Bado tupo."

Nilimtazama. Nilimpenda mtu huyu, na sitawadanganya, hata pale uani nilimpenda, ndiyo maana iliniuma vile. Nikaichukua barua mkononi mwake, nikaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Aliyeandikwa humu simjui alipo, Thabiti," nilimwambia. "Nilimpakia madaftari Jumapili moja ya mwezi wa tatu, akapanda pikipiki. Hajarudi."

Akabaki amepiga magoti. Nikachukua mkasi, nikaingia ndani kumgeuza Subira, maana saa mbili zilikuwa zimetimia.