Aliyeshika Mwiko

Duka la vyombo lilifurika watu hadi mlangoni, na mwiko wa mbao ulibaki mmoja tu. Mwalimu wa darasa la tatu, ndani ya gauni lake la kijani lenye vifungo vyeupe, aliushika mpini. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, akaushika upande wa pili.

"Dada yangu, niachie, chakula kinaungua jikoni."

"Na mimi watoto wananisubiri waseme."

"Waseme na mwiko?"

"Wanakaa makundi makundi. Anayeushika ndiye anayesema, wenzake wanasikiliza. Hakatizwi mtu."

Kijana akacheka, akauachia. "Basi mimi nitakoroga kwa uma."

Kesho yake shuleni, kumbe kijana yule ndiye mwalimu mpya wa darasa la jirani! Kwake hata nzi akiruka unamsikia, watoto wakamwita Bwana Kimya. Haukupita muda wawili hao wakapendana, na jioni, kwenye simu, kimya hicho hukioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Kwa uma wangu."

"Wewe utanivunja mbavu!"

Darasani napo mambo yalinoga. Binti mmoja wa misuko myembamba, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kujibu swali, sasa akipewa mwiko alinong'ona sentensi nzima, na kundi lake likamsogezea masikio.

Asubuhi moja mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa darasa la tatu ofisini. "Jirani yako alikuja hapa, habari ya kelele za darasa lako..."

Hakungoja mwisho. Alitoka machozi yakimlenga, akayarudisha madawati kwenye mistari, akautupa mwiko kabatini. Bwana Kimya akipiga simu, anakata. Wakikutana barazani, "Mpenzi, nisikilize kidogo," yeye, "Nina kipindi." Yule binti akafunga tena kinywa chake.

Ijumaa, katikati ya somo, Bwana Kimya akasimama mlangoni. Shati lilikuwa na mikunjo.

"Mwalimu, nina neno moja."

"Hapa ni darasani, Mwalimu. Tafadhali toka..."

Binti wa misuko akainuka. Akaenda kabatini taratibu, akautoa mwiko, akamtia Bwana Kimya mkononi.

"Mwalimu, ulisema aliyeushika hakatizwi," alisema, na safari hii hata waliokaa nyuma walimsikia.

Mwalimu akakaa, pu!

"Nilikwenda kwa mkuu," Bwana Kimya alisema, "kumwambia wanafunzi wangu wakisikia kelele za huku wanaona wivu. Nikaomba niwalete wajifunze na wenzao. Kimya cha darasani kwangu kilikuwa woga tu, wa kwao na wa kwangu."

Aibu ikampanda mwalimu mpaka masikioni. Akafungua kinywa.

"Mwiko bado anao!" watoto wakamkemea.

"Nimalizie," alisema Bwana Kimya. "Utakubali nikuoe?" Akamkabidhi mwiko.

Aliupokea kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa na joto la kiganja chake. Darasa zima likatulia kumsikiliza yeye.

"Nakubali," alisema. "Haya, sogezeni madawati, kaeni makundi. Na wewe, nenda kawalete wanao."